Hilux ya 1994, injini 3L: stata inazungusha vizuri lakini gari haliwaki asubuhi

#1 Viazi_Njombe
Wakuu, habari za kazi. Nina Hilux pikapu ya mwaka 1994, LN106, injini ya 3L ya dizeli, gia za mkono, ambayo kazi yake ni kupeleka mbolea shambani na kutoa viazi kuvileta barabarani. Tangu baridi ya Juni ilipoanza, gari hili limekuwa gumu kuwaka asubuhi, na sasa limefikia hatua ya kutowaka kabisa: stata inazungusha injini kwa nguvu, taa za dashibodi hazififii, lakini injini haishiki hata kidogo. Likisukumwa kwenye mteremko mrefu huwaka, hutetemeka kwa dakika chache, kisha hutulia na kupiga kazi siku nzima, na hata likizimwa mchana kwa nusu saa huwaka kwa kugusa ufunguo tu. Fundi wa kwanza amesema pampu ya dizeli imekwisha na inahitaji ovahoo, yaani kufunguliwa na kutengenezwa upya. Fundi wa pili amesema injini imechoka, ringi za pistoni zimelegea. Kabla sijauza mazao ili nimlipe mmoja wao, naomba kujua nianzie wapi.

#2 Mzee_wa_Korola
Toa plagi zote nne, zisafishe kwa brashi ya waya, kisha hakikisha kila moja inatoa cheche ya rangi ya bluu. Zikishindwa, badilisha koili.

#3 Spana17
Mkuu wa #2, mwenye uzi ameandika 3L, na 3L ni dizeli. Hakuna cheche wala koili humo. Hewa inabanwa takribani mara 22 mpaka inapata joto la kutosha kuwasha dizeli inayorushwa na nozeli, na kinachosaidia wakati wa ubaridi ni hita plagi, ambazo kazi yake ni kupasha joto chemba ndogo iliyo juu ya silinda, si kurusha cheche. Ushauri wako ungemfaa mwenye Hilux ya petroli, kwa mfano ile ya 22R.

#4 Mzee_wa_Korola
Basi azisafishe hizo hita.

#5 Fundi_Mstaafu
Viazi_Njombe, kabla hujamlipa mtu yeyote, simama nyuma ya gari wakati mwenzako anapiga stata, uangalie ekzosi. Injini ya dizeli isiyotoa moshi wowote wakati stata inazungusha ni injini isiyopata dizeli, na hapo unatafuta upepo kwenye mipira, filta iliyoziba, solenoidi ya pampu isiyofunguka, au pampu yenyewe. Injini inayotoa moshi mweupe, mzito, wenye harufu ya dizeli mbichi, inapata mafuta lakini haiyachomi, na hapo unatafuta hita plagi, taiming, mgandamizo mdogo au stata inayozungusha polepole. Hawa mafundi wawili wamekupa majibu yanayotoka katika makundi mawili tofauti, kwa hiyo angalau mmoja wao hakuangalia ekzosi. Ukishaona, rudi hapa utuambie ni moshi gani, na umeanza kutoka wakati gani.

#6 Waya_Mwekundu
Naongeza jambo moja ambalo mafundi wengi wa makanika hulipita. Nyuma ya pampu ya 3L, karibu na mahali mirija minne ya nozeli inapotokea, pana solenoidi yenye waya mmoja. Ufunguo ukiwa kwenye ON inapokea volti 12 na kufungua njia ya mafuta, na ukizima inafunga, ndipo injini inazimika. Swichi ya ufunguo iliyochakaa inaweza kupeleka umeme vizuri kwenye ON, kisha ukaukata pale unapougeuza ufunguo mpaka START. Matokeo yake ni kwamba stata inazunguka na mafuta yamefungwa. Sasa soma tena #1: gari likisukumwa linawaka. Anayesukumwa huacha ufunguo kwenye ON, hafiki START. Pima volti kwenye waya ule wakati stata inazunguka, si wakati imetulia.

#7 Spana17
Hoja ya #6 ni nzuri, ila haielezi kwa nini mchana gari linawaka kwa ufunguo uleule na swichi ileile. Swichi iliyochakaa haichagui saa.

#8 Waya_Mwekundu
Betri huchagua saa. Asubuhi yenye baridi oili ni nzito, betri nayo imepoa, stata inavuta umeme mwingi, na volti zinashuka. Kama kiungo cha swichi tayari kina kutu, au waya wa ethi (wa hasi) kati ya injini na bodi umelegea, kinachofika kwenye solenoidi ni kidogo mno kuinua kipini cha ndani kinachofungua mafuta. Mchana injini ina joto, stata haihangaiki, na volti zinabaki juu. Kipimo chake ni chepesi: chukua waya kutoka chanya ya betri, uguse kwenye solenoidi moja kwa moja, halafu piga stata. Mlio wa "tik" unapogusa ni dalili kwamba solenoidi ni nzima. Uwe mwangalifu na jambo moja tu, kwamba gari likiwaka kwa waya huo halitazimika kwa ufunguo mpaka uuchomoe.

#9 Mama_Lori
Habari zenu. Sisi tuko Makete na baridi yetu mnaijua. Pikapu yetu ya 2L, dizeli ndugu ya 3L, ilikuwa na dalili hizohizo neno kwa neno, na hita plagi tatu kati ya nne zilikuwa zimekufa. Mafundi wa kule chini, ambao wanafanya kazi kwenye joto, hawazikumbuki kabisa, na baadhi yao wanazifunga kwa makusudi wakisema ni pambo. Gari linalowaka likiwa na joto na kukataa likiwa la baridi linatueleza tatizo lake lenyewe.

#10 Bandari_Salama
Mimi niko Tanga, nina 3L, na waya wa hita niliukata wakati nilipokuwa nafunga redio. Gari linawaka kila asubuhi kwa stata fupi. Kwa hiyo hita si sababu ya gari kutowaka kabisa.

#11 Fundi_Mstaafu
Ndugu Bandari_Salama, hewa inayoingia kwenye injini yako alfajiri ina joto ambalo Njombe hailipati hata saa nane mchana mwezi Julai. Aidha, Njombe iko takribani mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na hewa ikiwa nyepesi kinachobanwa ndani ya silinda kinapungua, na joto la mgandamizo linapungua nalo. Injini inayowaka bila hita Tanga inaweza kukataa kabisa Makambako bila kuwa na ugonjwa mwingine wowote. Tusubiri habari ya moshi.

#12 Kinangop_Mkulima
Nathibitisha kutoka Nyandarua, Kenya, ambako nasi tunalima viazi na tuko juu zaidi ya Njombe. Hapa hata gari zima linahitaji hita. Ila nitataja jambo ambalo lilitusumbua sisi: mekanika alibadilisha hita plagi kwa kuangalia urefu na nyuzi zake za kukazia tu, bila kusoma volti zilizoandikwa kwenye mwili wake. Injini za familia hii zilifungwa mifumo zaidi ya mmoja ya hita, na baadhi ya hita zake ni za volti chache kuliko 12, zinazopata moto haraka kisha umeme wake hupunguzwa na rilei. Ukiifunga moja ya hizo kwenye umeme wa moja kwa moja wa volti 12 inaungua upesi, na wakati mwingine ncha yake huvimba na kukatalia ndani ya silinda hedi.

#13 Viazi_Njombe
Nashukuru wote. Nimeangalia ekzosi leo saa kumi na mbili. Mwanzoni hapakuwa na moshi wowote. Baada ya kupumzisha betri na kurudia mara kadhaa ukaanza kutoka moshi mweupe, mwembamba, wa kukatikakatika. Solenoidi inatoa mlio wa "tik", na nilipoipa umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri hapakuwa na tofauti yoyote. Dizeli nanunua vituo tofauti kulingana na safari.

#14 Dizeli_Safi
Moshi unaochelewa kisha ukatoka wa kukatikakatika ni upepo, wakuu. Injini ya 3L haina pampu ya umeme ndani ya tangi. Pampu kubwa yenyewe ndiyo inayoivuta dizeli kutoka nyuma ya gari kupitia mirija mirefu ya chuma, mipira kadhaa na filta. Pakiwa na ufa mdogo mahali popote, dizeli haitadondoka nje ili uione, kwa sababu njia ile inavuta na haisukumi, na badala yake hewa inaingia ndani, na usiku mzima dizeli inarudi tangini polepole. Asubuhi unapiga stata ili kuvuta hewa, na betri inachoka kabla dizeli haijafika. Mchana mirija bado imejaa, kwa hiyo gari linawaka kwa kugusa. Likisukumwa mteremko mrefu, injini inazunguka muda wa kutosha pampu kuvuta upya. Dalili zote za #1 zimeelezwa, na hakuna hita hata moja iliyotajwa.

Cha kwanza cha kushuku ni ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Ndani yake mna mpira mwembamba unaopasuka kwa uzee. Bonyeza asubuhi kabla ya kupiga stata: kama inazama bila ukinzani kwa muda mrefu kisha inakuwa ngumu, dizeli ilikuwa imerudi.

#15 Mama_Lori
Na sisi tulibonyeza hiyo pampu mpaka vidole vikauma. Hita ndizo zilizotutoa.

#16 Tangi_la_Akiba
Kuna jambo mwenye uzi amelipita haraka: "vituo tofauti". Wanaokumbuka miaka ile dizeli ilipokuwa ikichanganywa na mafuta ya taa wanajua ilivyoua pampu. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta yaliyochanganywa) kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili uchakachuaji usiwe na faida, na hali ikabadilika sana. Lakini pampu ya mwaka 1994 iliishi miaka hiyo yote. Pampu ya aina hii haina oili yake, inalainishwa na dizeli inayopita ndani yake, na mafuta ya taa hayalainishi vya kutosha. Pampu iliyolika inashindwa kujenga presha kwa mzunguko mdogo wa stata na inaweza kwa mzunguko mkubwa wa mteremko. Fundi wa kwanza huenda hakukosea.

#17 Spana17
Mkuu Tangi_la_Akiba, pampu iliyolika kwa kawaida huwa mbaya zaidi ikiwa na joto, kwa sababu dizeli ya moto ni nyepesi na inavuja kirahisi ndani ya kichwa cha pampu. Mgonjwa wa aina hiyo anawaka asubuhi na kukataa mchana baada ya safari. Hili letu ni kinyume chake. Sisemi pampu yake ni mpya, nasema si ya kwanza kwenye foleni.

#18 Bonde_la_Usangu
Nunueni ile spreyi ya kuwashia, pulizeni kwenye njia ya hewa, gari linawaka papo hapo. Mnaandika insha.

#19 Fundi_Mstaafu
Tafadhali, msomaji yeyote asifanye hivyo kwenye 3L. Spreyi ile ni etha, inawaka kwa joto dogo mno. Ikikutana na hita plagi iliyo nyekundu, au ikibanwa mara 22, inalipuka kabla pistoni haijafika juu, na pistoni hiyo inarudishwa chini kwa nguvu ikiwa bado inapanda. Nimetoa vipande vya ringi na konrodi zilizopinda kutoka kwenye injini ambazo kosa lake la awali lilikuwa mpira wa dizeli uliochanika. Injini ikizoeshwa etha, mwenye nayo huacha kutafuta tatizo, na injini hulipa. Vivyo hivyo kumwaga maji ya moto juu ya pampu iliyopoa: bodi ya pampu ni aluminiamu, na vilivyomo ndani ni chuma chenye nafasi ndogo kuliko unywele.

#20 Bonde_la_Usangu
Mzee, mimi na spreyi yangu tuna miaka pamoja.

#21 Spana17
Na konrodi zako zinasemaje?

#22 Ringi_na_Valvu
Naona fundi wa pili hana mtetezi, nami nitamtetea. Injini ya miaka 30 inayobeba viazi kwenye milima lazima imepoteza mgandamizo. Ikiwa ya baridi ringi hazizibi vizuri, joto la mgandamizo halitoshi, unapata moshi mweupe. Ikipata joto, vyuma vinatanuka, nafasi zinapungua, inawaka vizuri. Hili nalo linaeleza dalili zote, ndugu Dizeli_Safi, bila kutaja upepo. Lakini kabla ya ringi pimeni kliaransi (nafasi ya uwazi) ya valvu, maana valvu zikizama kwenye viti vyake kliaransi inakwisha, valvu haifungi hadi mwisho, na watu wanafungua injini nzima kwa kazi ambayo ingeisha kwa kubadilisha shimu, vile visahani vya kurekebishia nafasi hiyo. Kisha pimeni mgandamizo kwa geji ya dizeli. Geji ya petroli itaharibika, kwa sababu 3L nzima inafika bari 30 hivi. Ukipata silinda iliyo chini ya bari 20, au tofauti kubwa kati ya silinda na silinda, ndipo tuzungumze ovahoo.

#23 Kinangop_Mkulima
Cheni ya taiming je? Ikilegea inachelewesha pampu.

#24 Ringi_na_Valvu
3L haina cheni, ina belti. Ni 22R ya petroli ndiyo yenye cheni. Belti ya 3L hubadilishwa kila kilomita 100,000, na magari mengi yana taa ya T-BELT kwenye dashibodi ya kukumbusha, ambayo kwa magari mengi ya umri huu balbu yake imetolewa na mtu aliyechoka kukumbushwa. Belti hiyo ndiyo inayozungusha pampu pia, kwa hiyo ikiruka jino moja taiming ya pampu inachelewa, gari linakuwa gumu kuwaka kwa baridi, na linatoa moshi mweupe. Mwenye uzi, belti ilibadilishwa lini?

#25 Viazi_Njombe
Belti ilibadilishwa na mmiliki aliyeniuzia, na alama zake zote zinalingana, tumefungua kava tukaangalia. Leteni hukumu ya haya mengine: nimepima hita plagi kwa balbu ya kujaribia, na mbili hazipitishi umeme kabisa. Ubapa wa chuma unaoziunganisha unapata umeme ninapofungua ufunguo, na baada ya sekunde chache unakatika, kwa hiyo rilei inafanya kazi. Vilevile, kwa maelekezo ya Dizeli_Safi, nilibonyeza pampu ya mkono asubuhi: ilizama kwa muda ndipo ikawa ngumu.

#26 Mama_Lori
Hita mbili zimekufa. Nadhani uzi umekwisha.

#27 Dizeli_Safi
Pampu ya mkono ilizama. Uzi umekwisha, lakini upande wangu.

#28 Fundi_Mstaafu
Haujaisha kwa yeyote kati yenu, kwa sababu gari la zamani lina ruhusa ya kuwa na magonjwa mawili. Yatenganisheni. Viazi_Njombe, chukua dumu safi la lita tano lenye dizeli iliyochujwa, lifunge juu zaidi ya injini, kwenye boneti iliyofunguliwa au juu ya kebini. Toa mpira unaoingia kwenye pampu kubwa, uweke mpira mpya unaoonyesha ndani, utumbukize upande wa pili dumuni, na mpira wa kurudishia uuelekeze dumuni humohumo. Toa upepo kwa kulegeza nati za mirija kwenye nozeli kwa spana namba 17 huku stata ikizungusha, mpaka itoke dizeli isiyo na povu, kisha kaza. Acha gari hivyo usiku kucha, ukiwa umefunga njia ya mpira kwa kibano ili dumu lisijimwage iwapo kuna mahali panapovuja. Asubuhi fungua kibano, piga stata na hita zako hizo mbili mbovu. Likiwaka sawasawa, tatizo lako kubwa liko kati ya tangi na pampu kubwa, filta ikiwemo. Likikataa na moshi mweupe ukatoka tangu mwanzo, dizeli imefika na joto ndilo linalokosekana.

#29 Tangi_la_Akiba
Na atazame rangi ya kilichomo kwenye kikombe cha maji chini ya filta kabla ya kumwaga. Tone la maji linalotembea chini ya dizeli linaonekana vizuri kwenye chupa ya kioo.

#30 Viazi_Njombe
Matokeo. Kwa dumu, gari liliwaka baada ya stata ndefu, likitoa moshi mweupe mwingi tangu mzunguko wa kwanza, likitetemeka kwa silinda mbili, kisha likatulia. Sikusukuma. Kwenye kikombe cha maji palikuwa na maji kidogo na uchafu mweusi. Baadaye nilirudisha mpira wa kawaida, ila kipande kinachoonyesha ndani nikakiacha karibu na pampu, na mapovu madogo yanapita wakati injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta, yanaongezeka nikikanyaga mafuta. Hita mpya nne nimeagiza, nimesoma volti zilizoandikwa kwenye zile za zamani kama alivyosema ndugu wa Kinangop.

#31 Dizeli_Safi
Mapovu yameonekana kwa macho. Sasa tafuta yanakotoka. Hamisha kipande hicho cha mpira: kiweke kabla ya filta, kisha baada ya filta. Yakiwepo baada na yasiwepo kabla, ni kichwa cha filta, yaani mpira wa pampu ya mkono, au oringi ya swichi ya maji iliyo chini, au filta yenyewe kufungwa bila kupakwa dizeli kwenye mpira wake. Yakiwepo kabla, ingia chini ya gari, fuata mirija ya chuma pale inapobanwa na chasisi, kwa sababu kutu huanzia chini ya vibano ambapo matope hukaa.

#32 Ringi_na_Valvu
Nami nasema moshi mweupe tangu mzunguko wa kwanza na kuwaka kwa silinda mbili ni jambo la joto. Hita mbili zimekufa, silinda mbili hazikushika. Ila kama silinda hizo mbili ndizo zenye hita mbovu sijui, na hilo ndilo swali. Mkuu, ulipolegeza nati mojamoja wakati inatetemeka, ni silinda zipi ambazo mlio haukubadilika?

#33 Viazi_Njombe
Ya kwanza na ya nne. Hita zilizokufa ni ya kwanza na ya pili.

#34 Spana17
Basi ya pili inawaka bila hita, na ya nne ina hita na haiwaki. Hapo namba nne ina jambo lake: nozeli inayokojoa badala ya kupuliza, au valvu, au mgandamizo. Nozeli za namba mbili na nne zibadilishane nafasi, uweke pete mpya za shaba za kuzibia, uone kama ugonjwa utahama. Ukihama, peleka nozeli zote nne kwa watu wa pampu na nozeli wazipime presha ya kufungukia, na pampu iache ilipo.

#35 Ringi_na_Valvu
Usipohama, geji ya dizeli kwenye namba nne kabla ya kitu kingine.

#36 Mama_Lori
Afunge hita kwanza. Zimeshaagizwa.

#37 Lupembe_Chai
Samahani kwa kuingilia, nina gari lenye injini ya 5L, nayo ni dizeli, inawaka kwa ufunguo kila siku, lakini baada ya sekunde kama kumi inazimika yenyewe, nikibonyeza pampu ya mkono inawaka tena na haizimiki. Nifungue uzi mwingine?

#38 Dizeli_Safi
Baki hapahapa, na ulete mpira unaoonyesha ndani. Gari lako linaegeshwa likiangalia juu au chini?